Je, wajua kwa nini mpunga wa Nanenane huwa umeiva siku hiyohiyo?

Ukifika kwenye viwanja vya maonesho ya kilimo vya Dole Kizimbani, Wilaya ya Magharibi A, Unguja, mwanzoni mwa Agosti, utakuta mambo ambayo kwenye konde lako hayatokei. Mpunga umeinamisha vichwa, mahindi yanafaa kuchomwa, tungule (nyanya) zimeanza kuwa nyekundu, mchicha ndiyo kwanza uko laini, na pembeni muhogo unang'olewa mzizi mnene kama mkono wa mtu mzima. Vyote katika wiki moja. Mkulima wa kawaida huvuna kimoja akangojea kingine, sasa hivi vimekutanaje?

Vimepangiwa. Vishamba hivyo vya maonesho huitwa vipando, na kipando hakisubiri mkulima aone mawingu ndipo achukue jembe. Kinapandwa kwa kuhesabu siku kurudi nyuma, kuanzia tarehe 8 Agosti, yaani Nanenane, sikukuu ya wakulima.

Chukua mpunga wa muda wa kati, unaohitaji kama siku 120 tangu mbegu kutiwa kitaluni hadi kuiva. Ukizitoa siku hizo kutoka Nanenane unaangukia tarehe 10 Aprili, na wiki tatu hivi baadaye miche inang'olewa na kupandikizwa. Mahindi ya kuchoma ya siku 80 yanaingia ardhini tarehe 20 Mei. Mchicha wa wiki nne hupandwa tarehe 11 Julai. Ukiwahishwa ukapandwa Juni, wageni watakuta mabua marefu yenye mbegu na hakuna atakayeuliza bei. Muhogo ndio mzee wao. Unataka miezi tisa au zaidi, kwa hiyo ule unaong'olewa mbele yako Agosti ulichomekwa kwenye vuli ya mwaka uliopita, Novemba au kabla yake, pengine bajeti ya maonesho yenyewe haijapitishwa.

Tungule ndizo zinazowanyima watu usingizi. Kitaluni zinakaa kama wiki nne, halafu zinataka miezi miwili na nusu shambani. Hesabu inakurudisha mwishoni mwa Aprili, na Aprili ndiyo masika yenyewe. Majani hayakauki, ukungu unaingia, na kitalu kizima kinaweza kulala kwa siku chache. Ukiona kipando cha tungule kimesimama vizuri Agosti, ujue kuna mtu alizijengea kibanda cha kuzikinga na mvua, au alipanda mara mbili na hii unayoiona ni ile ya pili.

Hesabu yenyewe ina mtego. Siku zilizoandikwa kwenye pakiti ya mbegu ni makadirio tu, kwa sababu mmea haujui kalenda. Unakwenda kwa joto unalolipata siku hadi siku. Julai na Agosti ndiyo kipupwe chetu, kusi inavuma, na wastani wa joto Unguja huwa karibu nyuzi 25, wakati Februari na Machi ni karibu 28. Mtu atavaa fulana ya mikono mirefu asubuhi na mambo yakaisha, lakini mmea unachelewa kutoa ua kwa siku kadhaa. Aliyezoea kupanda wakati wa kaskazi akichukua hesabu yake ya kaskazi akaileta huku, siku ya ufunguzi atakuwa anawaonesha watu majani.

Ndiyo maana wenye uzoefu hawapandi mara moja. Wanagawa tuta, wanapanda fungu la kwanza, baada ya siku kumi la pili, kisha la tatu. Moja litawahi, moja litachelewa, na moja litakuwa sawasawa. Kwa mgeni hili ni faida, maana anauona mmea katika hatua tatu akiwa amesimama mahali pamoja: unaochanua, unaojaza na ulioiva.

Halafu kuna ndege. Mpunga wa bondeni ukiiva, unaiva pamoja na wa jirani na wa jirani yake, hata ndege wakila wanagawanya hasara. Kipando chenye upana wa hatua chache, kilichoiva peke yake, ni karamu iliyowekwa mezani. Kuanzia punje zinapojaa maziwa lazima awepo mtu wa kuamia tangu alfajiri, au kitandazwe chandarua. Wageni wengi hukiona kile chandarua wakadhani ni teknolojia mpya inayooneshwa!

Vipo vitu ambavyo hesabu ya kurudi nyuma haivifai. Mkarafuu hauanzi kuzaa mpaka upite miaka sita hadi minane, na ukianza una msimu wake, haukusikilizi. Kwa hiyo kwenye maonesho karafuu huletwa kwa sura mbili: miche kwenye vifuko, na karafuu kavu kwenye ungo. Kidogo ni ajabu ukikumbuka mahali tuliposimama, maana Kizimbani ni miongoni mwa mashamba ya mwanzo kabisa ya mikarafuu Unguja, tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Sayyid Said alikuwa na shamba lake hapo.

Vanila nayo ina masharti yake. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu, na huku kwetu hayupo mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo mtu huchukua kijiti chembamba, akainua kile kijiwambo kinachotenganisha dume na jike, akakandamiza kwa kidole. Ukishafanya hivyo unasubiri miezi minane au tisa ganda likomae. Anayetaka kukuonesha maganda Agosti alikuwa na kijiti mkononi mwishoni mwa mwaka uliopita.

Mwani ni rahisi zaidi kwa tarehe, kwani ukifungwa kwenye kamba unavunwa baada ya wiki sita hivi. Tabu ni kwamba hauoneshwi nchi kavu. Kinamama wa Paje na Jambiani, ambako kilimo hicho kilianza mwaka 1989, huleta uliokaushwa, sabuni na mafuta, na wengine hutengeneza kamba na vigingi vya mfano juu ya meza. Si haba, ila aliyewahi kuinama ndani ya maji ya bamvua anajua meza ile imeficha nini.

Swali linalonikera ni jingine: mkulima ajifunze nini kwenye kipando? Kipando kina maji ya bomba, samadi ya kutosha, mtaalamu anayekipitia kila siku, na mtu wa kufukuza ndege. Mavuno yake si mavuno yako. Ukisimama mbele yake usiulize kwanza "mnapata gunia ngapi?" Uliza kilipandwa tarehe ngapi, nafasi kati ya mche na mche ni kiasi gani, kilinyeshewa mara ngapi kwa wiki na kilipigwa dawa gani. Tarehe ya kupandwa, kwa maoni yangu, ingelazimishwa iandikwe kwenye kila kibao. Vibao vingi vina jina la taasisi kwa herufi kubwa na jina la mbegu kwa herufi ndogo, basi. Bila tarehe, mgeni hawezi kujua kama ile mbegu inafaa masika ya kwao au inahitaji maji ya kumwagilia kama yale ya mabonde ya Cheju na Bumbwisudi.

Na kwa nini Agosti? Kwa sababu 8 Agosti ni sikukuu ya wakulima nchi nzima, na kwa sehemu kubwa ya Tanzania wakati huo masika yameshapita, mavuno yako ghalani na barabara zinapitika. Kwa mpunga wetu wa mvua tarehe hiyo haiko mbali sana na ukweli. Pemba mambo hubadilika. Chamanangwe, Wilaya ya Wete, pamekuwa pakifanyika maonesho ya Siku ya Chakula Duniani, ambayo ni 16 Oktoba, siku lilipoanzishwa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1945. Oktoba mpunga wa masika umeshakuwa pumba, vuli ndiyo kwanza inanusa, kwa hiyo vipando vya huko hutegemea maji ya kumwagilia zaidi. Lakini karafuu ziko kwenye majamvi, na harufu yake unaipata kabla hujashuka kwenye gari.

Maonesho ya biashara ya Januari hayajali mavuno hata kidogo. Yamefungwa kwenye sherehe za Mapinduzi ya 12 Januari 1964, na siku hizi hufanyika Nyamanzi badala ya Maisara. Ni wakati wa kaskazi, jua kali, watalii wengi, na mabanda yanayojaa ni ya nguo, viungo, mikoba ya ukili na manukato. Humo humo hesabu ya kurudi nyuma inaendelea. Kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono, kila kitundu kikizungushiwa uzi kimoja kimoja, inaweza kuchukua wiki nyingi, na zile zenye kazi nzito hufika miezi. Mfanyabiashara anayetaka kofia za kutosha Januari aliwapa mafundi vitambaa wakati wenzake wa Kizimbani wanavuna vipando.

Mfanyabiashara huyo ana kalenda nyingine ya kuangalia, ya mwezi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Ilipoangukia Juni na Julai, miaka ya 2014 hadi 2016, tamasha la filamu la nchi za jahazi (ZIFF) lilisogezwa mbele au nyuma ili kuipisha. Kwa hesabu ya mwezi, 12 Januari itakuwa ndani ya Ramadhani mwaka 2030, tena 2031 na 2032. Watu wa kofia hawatalalamika, kwani wanaotafuta kofia mpya ya Idi watakuwa wengi kuliko watalii. Wa vyakula vya kuonja mchana ndio watakaolazimika kufungua mabanda baada ya futari.