Kwa nini wanaume wote wa ukoo wa Reuss waliitwa Heinrich?

Heinrich wa 42 alimzaa Heinrich wa 67. Wa 67 akamzaa wa 14, wa 14 akamzaa wa 27, na wa 27 akamzaa wa 45. Hakuna namba iliyokosewa hapo. Ndivyo walivyofuatana baba na mwana katika ukoo wa Reuss, uliotawala vijinchi viwili vya Thuringia, Ujerumani, hadi mwaka 1918.

Jina lenyewe linasimuliwa kuwa ni shukrani. Mwishoni mwa karne ya 12 mababu zao walifadhiliwa na Kaisari Heinrich wa 6, wakaanza kuwapa watoto wao jina lake. Sisi tunampa mtoto jina la babu, basi anakuwa somo wake. Hawa walimfanya kaisari mmoja kuwa somo wa ukoo mzima. Mwaka 1668 desturi hiyo ikawa sheria ya ukoo: kila mtoto wa kiume ni Heinrich. Mabinti walipewa majina mbalimbali. Hermine, binti wa Heinrich wa 22, ndiye aliyeolewa mwaka 1922 na Wilhelm wa 2, Kaisari wa zamani wa Ujerumani, wakati huo akiwa uhamishoni Uholanzi.

Sasa zile namba. Kwingineko Ulaya namba huhesabu wafalme waliokalia kiti. Kwa akina Reuss zilihesabu watoto wa kiume kadiri walivyozaliwa, atawale asitawale, hata akifa mchanga. Akizaliwa mtoto kwa huyu leo na kwa binamu yake mwezi ujao, namba zinafuatana. Ndiyo maana mtu na mwanawe wanaweza kupishana kwa ishirini na zaidi.

Ukoo ulikuwa na matawi mawili, kila moja na hesabu yake. Tawi la wakubwa, la Greiz, lilipanga kuhesabu hadi 100 ndipo lianze upya. Halikufika: lilikatika mwaka 1927 alipofariki Heinrich wa 24. Tawi la wadogo, la Gera na Schleiz, lilianza upya kila karne mpya. Karne ya 18 pekee ilivuka 70! Heinrich wa 67 alizaliwa 1789. Mwanawe alizaliwa 1832, hesabu ikiwa imeshaanza tena, akaangukia 14.

Kabla ya mpango huu, lakabu ndizo zilizosaidia. Heinrich mmoja aliyezaliwa mwaka 1572, baba yake akiwa ameshafariki, aliitwa Posthumus, yaani aliyezaliwa baada ya kifo cha baba. Muziki wa mazishi yake ulitungwa na mtunzi maarufu Schütz, ambaye naye, hata kama hakuwa wa ukoo huo, jina lake la kwanza lilikuwa Heinrich.

Tawi la wadogo bado linahesabu. Desemba 2022 polisi wa Ujerumani walipomkamata Heinrich wa 13, akituhumiwa kupanga kuipindua serikali, namba yake ilisikika kama ya mfalme. Alizaliwa 1951: ni mvulana wa 13 tu katika hesabu iliyoanza upya karne ya 20.