Taa ya nje hufa kwa maji kabla ya glopu

Taa ya getini ikigoma kuwaka, wengi huanza na glopu. Glopu mpya nayo ikiungua, inanunuliwa taa nzima, inafungwa kwenye tundu lilelile, na masika yakifika tatizo linarudi. Kwenye nyumba za pwani, adui mkubwa wa taa ya nje ni maji, tena yaliyochanganyika na chumvi ya upepo wa bahari.

Yanaingiaje kwenye taa iliyofunikwa kioo? Taa ikiwaka, hewa ya ndani hupata joto, hutanuka na kutoka. Ikizimwa, au mvua ikiipiga ghafla, hewa hupoa na kunywea, na taa huvuta ya nje kupitia mwanya wowote ulioko. Mwanya ukiwa umelowa, huvuta maji. Mara nyingi mwanya wenyewe uko nyuma, pale waya unapotoka ukutani, hauonekani kwa aliyesimama chini. Ndiyo maana kupaka silikoni kuzunguka kioo peke yake ni kupoteza silikoni.

Kabla ya kugusa skrubu, zima sakiti breka ya taa. Swichi ya ukutani haitoshi: zipo nyumba ambazo swichi imefungwa kwenye nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme), taa inazimika lakini holda, yaani kishikio cha glopu, inabaki na volti 230. Kama kuna inveta, sola au jenereta, zima nayo. Kisha pima kwa mita mara tatu: mahali unapojua pana umeme, waya za taa, halafu rudi pale pa kwanza kuhakikisha mita yenyewe ni nzima. Testa ya bisibisi tusiitegemee. Mchana wa jua kali kitaa chake hakionekani, na mtu mwenye viatu vya mpira juu ya ngazi ya mbao anaweza asiione ikiwaka hata kama umeme upo.

Piga picha ya waya kabla ya kuzichomoa, hasa zikiwa zaidi ya tatu, maana huenda nyingine zinapeleka umeme kwenye taa inayofuata. Nyaya za zamani ni nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro. Za sasa ni kahawia na buluu. Kijani na njano ni ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini.

Sasa chungulia holda. Vile vipini viwili vyenye springi vikiwa na ukungu wa kijani na springi imelegea, cheche huruka humo kila taa inapotikiswa na upepo, na plastiki inayozunguka hugeuka kahawia. Kunja waya karibu na holda: mpira wake ukivunjika kama ganda la karanga, umekaushwa na joto la glopu za zamani. Kata nyuma hadi ufike kwenye mpira laini na shaba inayong'aa. Shaba iliyokuwa nyeusi haishiki vizuri kwenye konekta. Hupata joto, na siku moja huyeyusha kila kitu.

Mwili na kioo vikiwa vizima, badilisha holda, mpira wa kuzibia na skrubu. Bati lililotobolewa na kutu halistahili gharama hiyo. Nunua taa ya plastiki ngumu au aluminiamu: angalia alama ya IP, inayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji. IP44 inatosha barazani, IP65 ni ya ukuta unaopigwa na mvua. Skrubu ziwe za chuma cha pua.

Taa ya chuma lazima iwe na ethi. Ukutani zikitoka waya mbili tu, na taa ni ya chuma, usiiunge ethi kwenye nyutro. Nyutro ikikatika, mwili mzima wa taa unakuwa na umeme. Vuta waya wa ethi, au chagua taa ya plastiki yenye alama ya mraba ndani ya mraba, yaani isiyohitaji ethi.

Kwenye kufunga, ziba kwanza tundu la waya ukutani, weka fisha (plastiki za kushikia skrubu ukutani) mpya kama za zamani zimelegea, kisha paka silikoni juu na pande mbili za kitako. Chini acha wazi. Maji yatakayopenya yapate pa kutokea, na vitundu vya kutolea maji vilivyokuja na taa visizibwe.

Glopu ya LED ya wati 9 badala ya ile ya wati 60, ikiwaka saa 12 kila usiku, hutumia uniti 3.24 kwa siku 30 badala ya 21.6. Lakini ndani ya kioo kidogo kilichozibwa kabisa LED hupikwa na joto lake yenyewe, basi chagua iliyoandikwa inafaa kwa taa zilizofungwa.

Breka ikijizima kila mvua inaponyesha, usiendelee kuirudisha. Muite fundi mwenye leseni, ya mamlaka ya nishati (EWURA kwa Tanzania Bara au EPRA kwa Kenya), achomoe glopu zote kisha apime nyaya kwa mega ya volti 500, mita inayoonyesha kama mpira wa waya unavujisha umeme. Chini ya megaomu 1, huenda waya uliomo ukutani ndio wa kubadilishwa.