Rifu si solo

Rifu ni kipande kifupi cha muziki, mara nyingi cha baa moja au mbili (baa ni fungu dogo la mapigo, aghalabu manne), kinachorudiwarudiwa mpaka wimbo mzima unakaa juu yake. Basi, ni hilo tu. Mpiga gitaa akifumba macho, vidole vikapanda hadi mwisho wa shingo ya gitaa, na mtu akapiga kelele "sikia hiyo rifu!", anachokishangilia ni solo, yaani pale mpigaji mmoja anapotamba mbele ya wenzake.

Nadhani kwetu mkanganyiko huu umetoka kwenye dansi. Solo ni neno la Kiitaliano, maana yake "peke yake". Bendi zetu zililigeuza likawa jina la kazi: kuna gitaa la solo, la ridhimu na la besi, na mpiga solo hucharaza tangu wimbo unapoanza hadi sebene linapokwisha. Tukikutana na bluzi ya roki yenye gitaa moja, neno solo tunaliona tayari lina mwenyewe, yule mpiga solo wa dansi, basi tunaokota rifu. Nalo neno rifu ni la wanajazi wa Marekani. Wapo wanaolihusisha na neno la Kiingereza la kiitikio, "refrain". Kamusi hazijaafikiana, lakini kulikumbuka hivyo kunasaidia, maana kiitikio hurudi.

Chukua wimbo "Crossroads" kama Cream, bendi ya roki ya Uingereza, walivyoupiga jukwaani kwenye ukumbi wa Winterland, San Francisco, Machi 1968. Robert Johnson, mwanabluzi wa Marekani, aliurekodi San Antonio, Texas, mwaka 1936, yeye na gitaa lake tu, na baa alizirefusha au kuzikata alivyotaka. Cream, watu watatu, waliufunga kwenye baa 12 (si zile za bia) zinazozunguka kwenye A, D na E, yaani makundi matatu ya noti zinazolia pamoja, na baa ya tano ni ya D. Gitaa na besi vinaingia na rifu. Baadaye Eric Clapton, mpiga gitaa na mwimbaji wa wimbo huu, anaiacha rifu, anakwenda kwenye solo, na hakuna wa ridhimu wa kuziba pengo. Besi ya Jack Bruce ndiyo inayoonyesha wimbo umefika wapi.

Wanaouiga huharibikia hapo hapo. Rifu inajihesabu yenyewe. Solo lazima uihesabie kichwani. Ukipotea, baa ya tano inafika, besi imeshahamia D, wewe bado umeng'ang'ania C#, noti iliyomo kwenye A. D ya bluzi ina C, nusu toni chini, na mkwaruzo huo hata muuza soda ukumbini anausikia.

Kwa hiyo kile kilichopigwa mwanzoni kabla Clapton hajafungua mdomo, kiite rifu. Kile cha kufumba macho kiite solo, hata kama bendi haina mpiga solo.