Bia ya Washington na maji yanayosingiziwa

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikiwaonyesha wageni jinsi bia ilivyopikwa Marekani ya kale, mbele ya sufuria ya shaba, aproni ya kitani imenifika magotini, moshi wa kuni umenijaa machoni. Bwana mmoja, chupa ya maji mkononi, akamwambia mwanawe: "Zamani hawa walikunywa bia tu, maana maji yangewaua." Kisha akanitazama nimuitikie. Alikuwa wa nne siku hiyo. Na wiki hiyohiyo binamu yangu wa Moshi alishanitumia video ya WhatsApp yenye maneno yaleyale. Basi naandika mara moja, ili kuanzia leo niwe natuma tu.

Maji waliyanywa. William Wood, aliyekaa Massachusetts na kuandika habari zake mwaka 1634, aliyasifu maji ya kule kuwa hakuna yanayoyashinda duniani, na wanaoyanywa wana afya sawa na wanywaji wa bia. Hata hivyo, akasema, hathubutu kuyatanguliza mbele ya bia nzuri. Bia mbaya ndiyo aliyoiweka nyuma ya maji. Huyo anachagua kinywaji, hakimbii kipindupindu. Kipindupindu chenyewe hakikuingia Marekani hadi 1832.

Wale wa Mayflower, meli iliyowavusha walowezi wa Kiingereza kwenda Marekani, waliandika mwaka 1620 kwamba vyakula vyao vimepungua, hasa bia. Vyakula! Bia walishaihesabu pamoja na mkate. Sasa nikuulize wewe uliyekulia mlimani Kilimanjaro: bibi yako alipika mbege, bia yetu ya ndizi, kwa sababu maji ya mfongo, ule mfereji wetu, yalikuwa na sumu? Bibi yangu alichota maji ya mfongo, akanywa kata nzima, akajifuta mdomo, ndipo akarudi kwenye pipa lake la ndizi na kimea cha ulezi. Mbege ilikuwa ya kushiba, ya mahari, ya msiba, ya kulipia watu waliokuja kulima. Hakuna mtalii aliyewahi kumfuata kumweleza kwamba anaogopa bakteria.

Kinachoniudhi zaidi ni hoja ya kuchemsha. "Bia ilichemshwa, kwa hiyo walijua." Walijua nini? Chukua kanuni ya bia nyepesi aliyoiandika George Washington kwenye daftari lake mwaka 1757, ndiyo ninayopika mimi. Chekeche kubwa lililojaa pumba, hopsi (yale maua machungu ya kutia ladha bia) kwa kadiri unavyopenda, chemsha saa 3. Chuja upate galoni 30, yaani zaidi ya lita 110, na ingali ya moto tia galoni 3 za molasi. Saa 3 hizo ni za kukamua uchungu wa hopsi, kama bibi alivyochemsha magome ya msesewe. Halafu? Halafu unaiacha kwenye beseni pana la mbao, wazi, ipoe hadi ipite joto la damu kidogo tu. Sina kipimajoto pale, natumbukiza kidole. Nzi nao wanakuja kupima. Unatia robo galoni ya hamira, na hamira ya siku zile haikuwa ya pakiti. Ilikuwa povu na mashapo ya pipa lililotangulia. Kukiwa na baridi unafunika blanketi, ikae saa 24, ndipo iingie kwenye pipa. Na pipa umelisuuza kwa nini? Kwa maji ya kisima, ya baridi, yale yale "yaliyoua".

Mtu anayejua kwamba kuchemsha kunasafisha maji angechemsha maji akanywa. Kuni zingepona, na molasi pia.

Watanitajia London ya 1854, daktari John Snow alipoonyesha kwamba kipindupindu kilitoka kwenye maji ya pampu ya mtaa wa Broad Street, na jinsi wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani walivyosalimika. Ni kweli, walipewa bia na pampu hawakuigusa. Lakini hilo ni jiji lililofurika watu, karibu miaka 100 baada ya daftari la Washington. Huwezi kulihamishia kwenye shamba la Virginia lenye chemchemi yake.

Haya, nami nikiri yangu. Ya Jamestown, makazi ya Waingereza kule Virginia, yananitatiza. Mlowezi mmoja wa pale, George Percy, alieleza jinsi mwaka 1607 walivyokunywa maji ya mto, ya chumvi bahari ikijaa, ya tope na uchafu ikitoka, na akasema ndiyo yaliyowaangamiza wengi. Pale maji yaliua kweli. Tena uchachu na hopsi huzuia vijidudu kadhaa, kwa hiyo pengine mnywa bia aliumwa tumbo mara chache kuliko jirani yake. Inawezekana. Ila faida uliyoipata bila kuijua haiwezi kuwa ndiyo iliyokupeleka kwenye pipa.

Na kama mtu anataka kuniuliza swali la maana, aniulize molasi ilitoka wapi. Ilitoka mashamba ya miwa ya Karibi, kwa jasho la watumwa waliotoka bara letu. Aniulize pia nani alisimama kwenye moshi. Pale Monticello, shambani kwa Thomas Jefferson aliyekuwa rais wa Marekani, kuanzia 1813, mpika bia alikuwa Peter Hemings, mtumwa. Mimi mweusi nasimama kwenye moshi uleule nimevaa aproni, wageni wananiuliza habari za bakteria.

Kuhusu ladha, hapo nakisia. "Hopsi kwa kadiri unavyopenda" ni kiasi gani? Na bia yenyewe haina kimea hata punje. Bibi angecheka hadi akae chini. Pipa langu la Mei liligeuka siki kabisa. Mgeni mmoja akaonja, akafumba macho, akasema hii sasa ndiyo ladha halisi ya 1757. Nikamwongezea.