Kuchanganya IR za kabineti ya gitaa: maana yake na inavyofanyika

Sauti ya gitaa la umeme haitoki kwenye nyaya na ampu peke yake. Sehemu kubwa hutengenezwa na spika, boksi linaloibeba (ndiyo kabineti) na maiki iliyosimama mbele yake. Spika ya gitaa ya inchi 12 haina habari na sauti za juu sana: ikishapita hezi 5,000 hivi, nguvu yake inaporomoka. Ndiyo maana mpiga solo akichomeka pedali ya distoshen moja kwa moja kwenye mixa, watu wanasikia mkwaruzo wa kutoboa masikio.

IR, yaani impalsi risponsi, ni faili dogo la WAV linalohifadhi tabia ya spika, boksi, maiki na mahali maiki ilipokaa. Hupatikana kwa kupitisha mlio mfupi mno kwenye spika, au mlio unaopanda kutoka besi hadi juu kabisa, kisha kurekodi na kukokotoa kile kinachorudi. Modela, yaani vifaa vya kidijitali vinavyoiga ampu na spika, kama Helix ya Line 6 au Axe-Fx ya Fractal Audio, hulipitisha gitaa lako ndani ya faili hilo, nalo likatoka kana kwamba limepita kwenye spika ile. Na faili lenyewe ni fupi ajabu: sampuli 2,048 (vipimo vidogo vya sauti) kwa kiwango cha 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 43 tu.

Studioni maiki moja mara nyingi haitoshi. Jozi inayopendwa ni Shure SM57, yenye makali, na maiki ya riboni kama Royer R-121, iliyo nene na laini, zote zikiitazama spika moja, tuseme Celestion Vintage 30. Ukiwa na IR ya kila maiki unaweza kuziweka sambamba ndani ya modela na kupima kiasi cha kila moja. Ila kila IR inakula nguvu ya prosesa, na pedali nyingi ndogo zina nafasi ya IR moja tu. Kuchanganya ni kuzifanya hizo mbili ziwe faili moja, na kiasi ulichokichagua kikiwa kimegandishwa humo.

Kihesabu ni kujumlisha tu. Sampuli ya kwanza ya faili hili na ya kwanza ya lile, ya pili na ya pili, hadi mwisho. Matokeo hayakaribiani tu na ya IR mbili zilizo sambamba, ni yaleyale hasa. Usichanganye jambo hili na kupanga IR moja nyuma ya nyingine: hapo gitaa linapita kwenye spika mbili mfululizo, na sauti huwa imeziba kama ya chumba cha pili.

Kazi yote iko kwenye muda. Tuseme maiki moja ilikuwa sentimita 17 nyuma ya mwenzake. Sauti inaifikia ikiwa imechelewa nusu milisekunde, sawa na sampuli 24. Ukijumlisha hivyo hivyo, mawimbi yanakatana kwenye hezi 1,000, tena 3,000, tena 5,000, na gitaa linatoka jembamba lenye mashimo. Kwa hiyo kwenye programu ya kurekodia, Reaper au hata Audacity ya bure, weka faili mbili kwenye treki mbili, vuta picha hadi uone sampuli mojamoja, kisha sogeza mpaka vilele vya kwanza vikutane. Kama besi bado imepotea, geuza polariti ya treki moja, yaani wimbi lake lipinduliwe juu chini, usikilize tena. Wengine huacha tofauti ndogo ya muda kwa makusudi kwa sababu inawapendeza, na sioni ubaya, mradi masikio ndiyo yaliyoamua. Linganisha kwa sauti iliyo sawa, maana yenye kelele zaidi hudanganya kila mtu.

Ukiridhika, toa faili moja la mono, biti 24, kwa kiwango kinachosomwa na kifaa chako. Kata ukimya wa mwanzoni: unachelewesha gitaa, na kwenye kifaa kinachosoma sampuli 2,048 pekee unakula nafasi ya mkia, yaani mwisho wa IR.

Njia ya pili inapitia modela yenyewe, na mimi naipenda zaidi kwa sababu unasikia gitaa wakati unachagua. Ukishaupata mchanganyiko, tengeneza WAV yenye sampuli moja iliyopanda na nyingine zote sifuri, ipeleke modela kwa USB, rekodi kinachorudi. Hiyo ndiyo IR yako mpya, pamoja na ikwalaiza kama uliiwasha. Lakini zima ampu, distoshen na kompresa, kwani tabia zao hubadilika kadiri unavyopiga kwa nguvu, na IR haina uwezo wa kubeba mabadiliko hayo. Korasi nayo haiingii, kwa kuwa inayumba na muda.

Kuhakikisha, pitisha rekodi moja ya gitaa kwenye IR mbili sambamba na kwenye faili jipya, sawazisha sauti na muda wa kuanza, geuza polariti ya upande mmoja, jumlisha. Zikiwa sawa, zitafutana na utabaki ukimya. Kikisikika kitu, rudi ukaangalie muda kwanza.