Nukta inayoelea: kwa nini C inachapa 2.67 ulipotarajia 2.68

Mizani imesoma kilo 2.675 za changu. Mchuuzi wa soko la samaki la Deep Sea, Tanga, anataka risiti yenye desimali mbili, nawe umemwandikia programu kwa C, lugha ya kuandikia programu, ukitumia `printf`, amri ya kuchapa: `printf("%.2f", uzito);`, uzito ukiwa `double`, aina ya C ya namba zenye desimali. Shuleni tulifundishwa kwamba tano inaongeza moja, kwa hiyo unasubiri 2.68. Inatoka 2.67.

Usiilaumu `printf`. Namba ilibadilika mapema, ilipoingia kwenye kumbukumbu.

Nukta inayoelea ni namna ya kompyuta kuhifadhi namba zenye desimali: tarakimu zinawekwa kwao na mahali pa nukta panawekwa kwake, hivyo nukta inasogea kufuata ukubwa wa namba. Lakini kompyuta inajua kugawa kwa mbili tu: nusu, robo, thumni, nusu ya thumni, ikishuka hivyo mpaka biti, yaani nafasi za 0 na 1 kwenye kumbukumbu, ziishe. 2.75 inapatikana kamili, ni mbili na nusu na robo. 2.675 haipatikani hata ugawe mpaka kesho, kama ambavyo theluthi haimaliziki ukiiandika 0.333. Basi `double`, yenye biti 64, inachukua namba iliyo jirani kabisa: 2.67499999999999982 na kuendelea. Hiyo ukiikadiria kwa haki ni 2.67. Ichape kwa `%.20f` uione kwa macho yako. Hakuna somo la C ninalolipenda kuliko hili.

Mengine ni ya kukumbuka tu. `%f` tupu inatoa tarakimu sita baada ya nukta. Ukitaka namba ichapwe na kusomwa tena bila kubadilika, tumia `%.17g` kwa `double` na `%.9g` kwa `float`, ndugu mdogo wa `double`. `float` ikipelekwa `printf` inageuzwa kuwa `double`, ndiyo maana `%f` inatosha zote mbili. Kwenye `scanf`, amri ya kusoma namba zinazoingizwa, `double` lazima ipewe `%lf`. Kuchapa `double` kwa `%d`, ambayo ni ya namba kamili, ni kosa, na usiamini chochote kitakachotokea kwenye skrini.

Kwa risiti ya mchuuzi, mimi ningehifadhi gramu, namba kamili:

`int gramu = 2675;`
`int s = (gramu + 5) / 10;`
`printf("%d.%02d\n", s / 100, s % 100);`

Kuongeza 5 kabla ya kugawa kwa 10 ndiko kunakokadiria, na hapa inatoka 2.68.