Kanisa Likiungua Kanda ya Ziwa: Ya Vijiweni na Yaliyo Kweli

Kanisa likiungua Bukoba, Geita au pembezoni mwa Mwanza, maelezo hufika kabla ya gari la zimamoto. Mmoja atasema ni Waislamu, mwingine atasema ni kisasi cha mababu kwa mkoloni, wa tatu ameshaona video kutoka Kanada. Tuyachambue yale yanayorudiwa sana.

"Kanisa lililetwa na serikali ya Mjerumani, kwa hiyo anayelichoma anamchoma mkoloni."

Tarehe zinakataa. Wamisionari wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, walifika kusini mwa ziwa mwaka 1877, na Desemba ya mwaka huohuo wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe. White Fathers, wamisionari wa Kikatoliki, walifungua misheni ya Bukumbi, kusini ya mji wa Mwanza, mwaka 1883. Kituo cha Wajerumani hapa Mwanza kilianzishwa 1892. Katika miaka hiyo tisa ya katikati, mwenye uwezo wa kumkaribisha mgeni au kumfukuza alikuwa mtemi.

Hilo halimsafishi mtu. Amri ya ardhi ya Novemba 1895 ilitangaza kuwa ardhi "isiyo na mwenyewe" ni mali ya dola ya Ujerumani, na shamba lililopumzishwa lilihesabika kuwa halina mwenyewe. Misheni nazo zilinufaika na mfumo huo. Lakini ukiuliza kidonda kiko wapi hasa, kiko shuleni na hospitalini zaidi kuliko altareni. Shule nyingi zilikuwa za misheni, waliozipitia ndio waliopata kazi za serikali, na familia nyingi za Kiislamu zilibaki nyuma kwa sababu hazikutaka mtoto arudi nyumbani amebatizwa. Serikali ilizitaifisha shule hizo mwaka 1969. Makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu huduma za jamii yakaamsha tena lawama kuwa makanisa yanapendelewa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, imepita njia hiyohiyo: ilifunguliwa 1971 ikiwa ya Kanisa Katoliki, ikataifishwa mwaka uliofuata, ikarudishwa 1985. Leo ni hospitali ya rufaa ya watu wa dini zote. Malalamiko ya aina hii yana hoja na yanajadilika mezani; kibiriti hakiyajibu.

Tazama pia ni makanisa gani yanayochomwa. Bukoba, Septemba 2015, yaliyoteketea yalikuwemo ya Kipentekoste, yaliyojengwa kwa michango ya waumini wa hapahapa. Mjerumani hajawahi kuyaona.

"Wazee wetu walichoma makanisa kumpinga mkoloni, sisi tunaendeleza."

Nusu ni kweli. Misheni ya Pugu ilishambuliwa Januari 1889. Wakati wa Maji Maji, mwaka 1905, Lukuledi, Nyangao na Peramiho zilichomwa, na Askofu Cassian Spiss akauawa. Ila Maji Maji ilikuwa vita, kusini, dhidi ya kodi na pamba ya kulazimishwa, na mmisionari alionekana yuko upande wa boma. Maji Maji haikufika ziwani. Anayechoma kigango cha mabati usiku katika mtaa wa leo hana mkoloni anayepigana naye.

"Kanada wenyeji waliamua kuchoma makanisa, na dunia ikawaelewa."

Mei 2021 jamii ya wenyeji ya Tk'emlúps te Secwépemc ilitangaza kuwa rada ya ardhini imeonyesha mabaki ya watoto 215 palipokuwa na shule ya bweni ya Kamloops, iliyoendeshwa na Kanisa Katoliki kwa watoto wa wenyeji. Zilikuwa dalili za rada za makaburi, si miili iliyofukuliwa. Juni 21 makanisa mawili ya Kikatoliki yaliungua katika maeneo ya jamii za Penticton na Osoyoos. Yalikuwa makanisa ya wenyeji wenyewe, na viongozi wao walilaani tendo hilo. Ujumbe unaosambazwa huku kwetu huacha sehemu hiyo.

"Harufu ya petroli ni ushahidi tosha."

Hapa ndipo mitaa huharibikiwa. Makanisa mengi huweka jenereta na dumu la mafuta chumba cha nyuma. Harufu hiyo ilikuwepo hata Jumapili iliyopita. Vilevile nyaya za taa (milimita za mraba 1.5) hubebeshwa spika, amplifaya na kinanda, mzigo unaostahili walau 2.5 na soketi zake. Waya hupata moto ndani ya dari usiotazamwa na mtu, na pazia la nailoni humalizia. Umeme uliokatika ukirudi usiku na vyombo vimeachwa vimewashwa, hatari huongezeka.

Mchunguzi huanza na mahali moto ulipoanzia: alama ya masizi yenye umbo la V ukutani, ncha yake ikielekeza chini. Vyanzo viwili au vitatu visivyounganika hutia shaka kubwa kuliko harufu yoyote. Waya wa shaba wenye shanga ndogo ya duara nchani unaweza kuonyesha kuwa umeme ulikuwa bado unapita wakati unaungua. Peke yake hauthibitishi kuwa umeme ndio ulioanzisha.

Kwa hiyo: piga 114 zimamoto na 112 polisi. Moto ukizimwa, zungushia kamba, usiruhusu kufagia wala kumwaga maji tena. Kosa kubwa ni akina mama na vijana kuja asubuhi na mafagio kwa nia njema. Ushahidi huishia jalalani. Majivu na udongo wa chini ya zulia au kwenye nyufa za sakafu ndivyo vinavyohifadhi mafuta. Huchukuliwa na wataalamu, huwekwa kwenye kopo la chuma au chupa ya kioo inayofungwa kabisa, kwa sababu mvuke wa petroli hupenya mfuko wa kawaida wa plastiki na maabara hukuta hewa tupu. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza.

"Tukimjua, tuchome na kwake."

Kifungu cha 319 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kuchoma jengo lolote, liwe kanisa, msikiti au nyumba ya mtuhumiwa. Adhabu inafika kifungo cha maisha.

"Kiwanja cha misheni ni cha babu yetu, tutakirudisha kwa nguvu."

Huenda kweli kilikuwa cha babu. Anza na upekuzi kwa msajili wa hati, ujue hati ni ya nani, ya miaka mingapi, na mipaka yake iko wapi. Mara nyingi ugomvi ni wa eneo lililoongezwa baadaye, nje ya hati. Kisha peleka shauri baraza la kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, halihukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, nenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Jihadhari na ukomo: madai ya kurudishiwa ardhi yana miaka 12 tangu haki ya kudai ilipoanza, na dai la enzi ya Mjerumani huanguka hapo. Kwa dai kama hilo njia iliyobaki ni kuzungumza na parokia au dayosisi yenyewe, ukiwa na mchoro wa mipaka na wazee wanaoijua, kuomba sehemu isiyotumika.